Mswada wa anthropolojia ya lugha umerudi: tafuta kosa hapa

Kabla hujasoma sababu zilizoandikwa kwenye barua pepe, tazama tarehe. Mswada uliorudi baada ya siku mbili tatu haujasomwa na mtu wa fani. Umezuiwa mlangoni na msaidizi wa ofisi anayekagua faili, urefu na majina. Uliorudi baada ya wiki kadhaa umesomwa na mhariri, naye hakuona sababu ya kuwasumbua wapitiaji, yaani wataalamu wa fani wanaoukagua kwa niaba ya jarida. Uliokaa miezi mitatu, minne au zaidi ulifika kwa wapitiaji, na hapo barua huwa ndefu. Kila mlango una makosa yake, na anayetibu kosa la mlango mmoja kwa dawa ya mlango mwingine hupoteza mwaka mzima.

Maelezo haya ni ya wanaoandika kutoka Uganda wakiwa na rekodi za Kiganda, Kiacholi, Kilugbara, Kinubi, Kiswahili cha masokoni au vyote kwa pamoja. Majarida yanayolengwa ni ya aina ya Journal of Linguistic Anthropology, linalotoka Marekani tangu 1991, au Language in Society la Cambridge, lililoanza 1972. Kila jarida lina ukurasa wake wa maelekezo kwa waandishi, na huo ndio wenye neno la mwisho. Makosa lakini yanafanana, na mengi kati yake, hata yanayoitwa ya nadharia, ukiyafuata hadi shinani unayakuta kwenye kinukuzi, yaani ule ukurasa wenye maneno ya watu jinsi yalivyorekodiwa.

Dalili: umerudi ndani ya siku tatu

Chanzo cha kwanza ni jina lako. Upitiaji hufanywa bila mpitiaji kumjua mwandishi, na kufuta jina chini ya kichwa hakutoshi. Jina hubaki ndani ya sifa za faili, kwenye maoni ya pembeni ya msimamizi wako, kwenye shukrani, na kwenye jina la faili lenyewe. Tengeneza nakala ya mswada kwanza, maana kinachofutwa hapa hakirudi. Katika Word fungua File, Info, Check for Issues, kisha Inspect Document, uondoe sifa za hati, maoni na mabadiliko yaliyofuatiliwa. Hifadhi kwa jina lisilosema kitu, kama "mswada_mkuu".

Halafu kuna kibali. Ukitaja kamati ya maadili ya chuo chako pamoja na namba ya kibali, umeshajitaja. Ndani ya mswada andika "[imeondolewa kwa ajili ya upitiaji]", na maelezo kamili uyaweke kwenye ukurasa wa jina, ambao ni faili ya peke yake.

Kuhusu kujinukuu, andika kwa nafsi ya tatu kama unavyomnukuu mtu mwingine yeyote. Kuandika "(Mwandishi 2021)" mara sita hakukufichi, hasa kama lugha unayoichunguza ina watafiti watatu duniani na wewe ni mmoja wao.

Chanzo cha pili ni urefu, na hapa watu wa lugha zetu huumia kuliko wengine. Majarida mengi huweka ukomo kati ya maneno 8,000 na 10,000, na mara nyingi hesabu hiyo inameza pia marejeo, tanbihi na vinukuzi. Piga hesabu: kinukuzi cha mistari 40, kila mstari maneno sita, ni maneno 240. Ukiweka mstari wa glosi, yaani maana ya kila kipande cha neno, na mstari wa tafsiri, ni 720. Vinukuzi vitano vya namna hiyo ni 3,600, na hujaandika hata sentensi moja ya hoja. Dawa si kuvitupa. Weka glosi za mofimu pale tu ambapo kiambishi chenyewe ndicho unachokijadili. Penginepo maneno asilia na tafsiri vinatosha. Mistari ambayo huigusi kwenye uchambuzi ikatwe, na mahali ilipokuwa useme mistari mingapi imeachwa.

Dalili: PDF ya mfumo inaonyesha visanduku badala ya herufi

Ulipakia faili safi, mfumo wa jarida wa kupokea miswada mtandaoni ukaigeuza PDF, na kila ŋ imekuwa kisanduku kitupu au alama ya kuuliza. Sababu huwa mojawapo ya mbili. Huenda uliandika kwa fonti ya zamani ya fonetiki isiyofuata Yunikodi (utaratibu wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake), ambayo herufi zake zinaonekana sawa kwenye kompyuta yako tu. Au umetumia fonti ambayo mfumo hauna, ukabadilishiwa.

Andika upya kwa Charis SIL au Doulos SIL, ambazo ni za bure, na uzifungashe ndani ya faili: File, Options, Save, kisha tiki kwenye Embed fonts in the file. Kwenye Word ya Windows, ŋ huipata kwa kuandika 014B na kubonyeza Alt pamoja na X. Herufi kubwa ni 014A. Herufi kubwa hiyo ina maumbo mawili kulingana na fonti, moja kama n iliyokuzwa na nyingine kama N yenye mkia. Hilo si kosa, usilipotezee usiku.

Wengi hukwepa shida kwa kuandika "ng" kila mahali. Usifanye hivyo. Kwa Kiganda *eŋŋoma* ni ngoma na *engo* ni chui. Ukiondoa ŋ umeondoa tofauti ambayo hata Kiswahili huilinda kwa king'ong'o cha *ng'ombe*. Ukichagua *ng'* kwa sababu ndivyo watu wanavyoandika kwenye simu, ni sawa, bali useme hivyo kwenye tanbihi ya kwanza na usibadilishe katikati.

Lugha zenye toni zina mtego wa ziada. Á ina nafasi yake moja katika Yunikodi, lakini ɛ́ na ɔ́ hujengwa kwa herufi na alama juu yake, na fonti dhaifu huiweka alama pembeni kama nzi aliyekosea sahani. Usihukumu kwa kutazama Word. Fungua PDF iliyojengwa na mfumo, ikuze hadi asilimia 200, na ukague kila mfano kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho.

Zima pia masahihisho ya moja kwa moja. Word hugeuza (c) kuwa alama ya hakimiliki, na mfano wako wa tatu unapotea. Hukuza herufi ya kwanza ya kila mstari wa kinukuzi, hugeuza vistari viwili kuwa kimoja kirefu, na ukiandika "1." huanzisha orodha yake isiyokubali kutulia.

Dalili: "data haionyeshi unachodai"

Hili ndilo neno la mpitiaji linaloumiza zaidi, na mara nyingi hoja yako ni nzuri kabisa. Kilichoharibika ni ukurasa. Tazama kipande hiki kilichotungwa kwa mfano, mnunuzi na muuzaji wa nguo sokoni:

1 Muuzaji: Wasuze otya nno, ssebo?
2 Mnunuzi: Bulungi nnyabo. (0.8) Bei gani?
3 Muuzaji: Elfu tano [tu.
4 Mnunuzi: [Elfu tatu.

Mabano ya mraba yanasema mnunuzi alianza kusema pale pale muuzaji alipofika kwenye "tu". Kwa hiyo bano la mstari wa 4 lilipaswa kukaa wima chini ya lile la mstari wa 3. Hapa halikai, na hivyo ndivyo hutokea ulipolisukuma kwa kitufe cha nafasi: kwenye kompyuta yako lilikuwa sawa, fonti ikabadilika, mistari ikayumba, na msomaji anaona watu wawili wanaopokezana kwa adabu. Hoja yako kwamba mnunuzi alimkatiza haina tena ushahidi.

Tumia jedwali lisilo na mistari lenye safu tatu: namba, msemaji, maneno. Palipo na kupishana, tumia fonti yenye herufi za upana mmoja kama Courier New, au vituo vya tabo. Namba za mistari ziandike kwa mkono, zisiwe za orodha ya Word. Pamoja na faili kuu, pakia PDF ya vinukuzi uliyoitengeneza mwenyewe ili mpangaji kurasa aone ulichokusudia. Makala ikikubaliwa na ukaletewa prufu, yaani kurasa zilizopangwa za kukagua kabla ya kuchapishwa, mabano yawe ya kwanza kukaguliwa.

Ile (0.8) ni kimya cha sehemu nane za kumi za sekunde, na inabeba mzigo: baada ya salamu za Kiganda, mnunuzi ananyamaza kidogo kisha anahamia Kiswahili kuuliza bei. Kama unaijadili, ipime kwa Praat, programu ya kuchambua sauti. Usikisie. Kama huijadili, iondoe. Alama hizi zimetokana na kazi ya Gail Jefferson katika uchambuzi wa mazungumzo, na kuna waandishi wanaozipanga zote, za pumzi, za mkazo, za kupanda na kushuka kwa sauti, halafu wanazungumzia bei tu. Elinor Ochs alionyesha mwaka 1979 kwamba kuamua nini kiandikwe na nini kiachwe tayari ni nadharia. Mpitiaji akiona alama kumi na tano ambazo maandishi hayazigusi, anajua uamuzi haujafanyika.

Kama unanukuu kwa ELAN, programu ya kunukuu rekodi, weka kwenye daftari lako muda kamili wa kila kipande ndani ya rekodi, saa, dakika na sekunde. Miezi minane baadaye mpitiaji atauliza nini kilisemwa kabla ya mstari wa 1, na hutaki kusikiliza saa tatu za kelele za soko ukiutafuta.

Dalili: "mwandishi amesanifisha"

Hii huwapata zaidi waliosoma Kiswahili vizuri. Askari anasema kwenye rekodi, "Wewe naenda wapi?" Kwenye mswada inatokea, "Unakwenda wapi?" Mkono umejisahihisha wenyewe, kama mwalimu mwenye kalamu nyekundu.

Kwa jarida la sarufi huenda ni upungufu mdogo. Kwa jarida la anthropolojia ya lugha umeitupa data. Nchini Uganda Kiswahili kilibebwa kwa miongo mingi na jeshi na polisi, na umbo la "wewe naenda" linaweza kuwa ndilo linalomfanya msikilizaji amwone askari hata akiwa amefumba macho. Ukilinyoosha, umefuta kile ulichokuja kukieleza. Rudi kwenye sauti, linganisha neno kwa neno, na mpe mtu wa pili anayeijua lugha anukuu dakika tano za rekodi hiyo hiyo bila kuona kazi yako. Mnapotofautiana ndipo pa kusikiliza tena.

Programu za kunukuu sauti kwa akili unde huleta kosa hilo hilo kwa kasi zaidi, maana nazo hupenda kunyoosha. Tena ukizipa rekodi umezituma sauti za watu kwenye seva za mbali, jambo ambalo fomu yako ya ridhaa huenda haikulitaja.

Ndugu ya kosa hili ni kupaka rangi lugha: italiki kwa Kiganda, nzito kwa Kiswahili, kawaida kwa Kiingereza. Inapendeza hadi ufike kwenye *edduuka*. Asili yake ni ile ile ya "duka", lakini mama anayesema *edduuka lyange* anasema Kiganda, naye atakushangaa ukimwambia amechanganya lugha. Mpitiaji atauliza: nani aliyeona lugha mbili hapa, msemaji au wewe? Weka alama pale tu ambapo wasemaji wenyewe wanaonyesha kwamba wamehama, kwa kucheka, kwa kurudia, kwa kubadili sauti, na ueleze umejuaje.

Dalili: "glosi hazilingani"

Idadi ya vistari kwenye mstari wa juu lazima iwe sawa na idadi kwenye mstari wa glosi, neno kwa neno. Ndiyo kanuni kuu ya Leipzig, mwongozo wa kuandika glosi, na ndiyo inayovunjwa zaidi:

W-a-suz-e o-tya?
2SG-PST-lala-PFV 2SG-vipi
'Ulilalaje?'

Hapa 2SG ni nafsi ya pili umoja, PST ni wakati uliopita, na PFV ni tendo lililokamilika. Vistari vitatu juu, vitatu chini, kisha kimoja na kimoja. Kosa la kawaida hapa ni kuiacha *otya* nzima na kuiglosi "vipi". Kiulizi hicho hufuata nafsi: *ntya* kwa mimi, *otya* kwa wewe, *atya* kwa yeye. Pale ambapo glosi moja inahitaji maneno mawili, yaunganishe kwa nukta, si kwa nafasi. Katika mswada wa Kiingereza glosi na tafsiri bila shaka zitakuwa kwa Kiingereza, na hapo mstari wa tatu, wa tafsiri, unahitaji uamuzi. Kuandika tu kwamba ni salamu ya asubuhi kunaficha kwamba mtu ameulizwa habari za usiku wake. Kama makala inahusu salamu, toa tafsiri ya neno kwa neno. Kama salamu inapita tu njiani, ile ya kawaida inatosha.

Jina la lugha nalo liamuliwe mara moja. Wenyewe husema Oluganda, Kiingereza hutumia Luganda na mara nyingine Ganda, sisi husema Kiganda. Mswada wenye majina matatu huonekana una lugha tatu.

Dalili: mhariri amekataa, "haifai kwa jarida letu"

Kuna aina mbili za mswada zinazopata jibu hili, na zinatoka pande mbili tofauti.

Ya kwanza ni isimu tupu: maneno 120 yaliyoingia Kiganda kutoka Kiswahili, ngeli zilizoyapokea, mabadiliko ya sauti. Ni kazi halali, na ina majarida yake. Kwa wanaotaka kuiandika kwa Kiswahili, Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha, yote ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hupokea kazi za namna hiyo.

Ya pili ni anthropolojia isiyo na lugha. Mwandishi anaeleza kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, kwa kurasa ishirini, zawadi, mavazi, mpangilio wa wageni, na kuhusu wasemaji wa pande mbili anasema "walizungumza kwa heshima na utani". Hakuna hata mstari mmoja wa walichosema. Sekunde 90 za msemaji mmoja akikataa zawadi kwa mzaha, zikinukuliwa vizuri, zingeonyesha heshima hiyo inajengwa kwa kiambishi gani, kwa kimya cha urefu gani, na ni nani anayecheka lini.

Kipimo ni rahisi. Toa vinukuzi vyote kwenye nakala ya mswada, usome kilichobaki. Kama hoja inasimama vilevile, vinukuzi vilikuwa mapambo. Kisha fanya kinyume: soma vinukuzi peke yake, uandike kwa kila kimoja sentensi moja ya kinachothibitishwa. Kisichopata sentensi kitoke.

Angalia pia ikisiri. Nyingi huanza na historia: kwamba Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kwamba marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, kwamba mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima. Yote ni kweli, na mhariri bado hajui unasema nini. Sentensi ya kwanza itaje tendo la lugha, ya pili ushahidi, ya tatu kinachobadilika katika uelewa wa watu wa fani. Historia itasubiri ukurasa wa tatu.

Dalili: unaulizwa kuhusu ridhaa

Swali likija na huna jibu, hakuna dawa ya haraka. Nchini Uganda utafiti unaohusisha watu hupitia kwanza kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Kamati haitoi kibali kwa data iliyokwisha kukusanywa. Rekodi za zamani zilizofanywa bila kibali usizifiche. Mwandikie mhariri kabla ya kuwasilisha, ueleze zilikusanywaje na nani, na ukubali akisema hapana.

Lenye kusahihishika ni utambulisho. Kubadili jina la mtu hakutoshi ukishataja steji ya bodaboda, mwaka, na kwamba ndiye mwanamke pekee anayeendesha hapo. Kila dereva wa mtaa huo atamjua kabla hajamaliza aya. Panua eneo hadi tarafa au wilaya, ondoa kinachomtenga asipohitajika kwa hoja, na kumbuka kwamba sauti nayo ni utambulisho: jarida likiomba klipu kama kiambatisho, ridhaa ya kuhojiwa si ridhaa ya kusikilizwa na dunia. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inahusika hapa. Kwa asiyesoma, ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa kwa lugha yake huwa na nguvu kuliko dole gumba kwenye fomu ya Kiingereza, ilimradi kamati iliikubali njia hiyo tangu mwanzo.

Dalili: majina ya waandishi yametoka kichwa chini

Mfumo unataka jina la kwanza na jina la ukoo. Sisi wengi tuna jina la nyumbani na jina la dini, na shuleni tumezoea kuanza na la nyumbani. Amua lipi liingie kwenye kisanduku cha mwisho, maana ndilo litakalotumika kwenye marejeo milele, kisha ulitumie hivyo hivyo kwenye ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti, na kwenye kila makala. Kaka na dada ndani ya nyumba moja mara nyingi hawana jina la pamoja, kwa hiyo hakuna atakayekurekebishia. Na kama msaidizi wako wa uwandani ndiye aliyenukuu na kufasiri rekodi zote, zungumzeni mapema kama anaingia kama mwandishi au kwenye shukrani. Ugomvi wa hilo baada ya makala kukubaliwa husimamisha kila kitu.

Dalili: kupakia kunakatika

Mtandao ukiwa mzito, mfumo hukutoa nje katikati. Hifadhi kila hatua kwa kitufe cha kuhifadhi na kuendelea, na ukirudi utaikuta kwenye rasimu zako. Usianze wasilisho jipya, utajikuta na namba mbili. Kinacholemea faili huwa ni picha zilizobandikwa ndani ya Word. Zitoe, zipakie kila moja peke yake kwa nukta 300 kwa inchi: picha ya upana wa sentimita 13 inahitaji pikseli zipatazo 1,535. Picha ya Praat usiipige kutoka kwenye skrini. Praat yenyewe huhifadhi PNG ya 300 au 600. Na picha ya uwandani iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshaminywa. Iombe tena itumwe kama hati.

Dalili: kipimo cha mfanano kimepanda sana

Mara nyingi unafanana na wewe mwenyewe. Tasnifu yako iko kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo, na programu ya kukagua wizi wa maandishi imeikuta. Sema kwenye barua kwa mhariri kwamba makala imetokana na tasnifu, taja mwaka, na andika upya sura ya mbinu badala ya kuihamisha ilivyo.

Dalili: kimya

Kimya cha miezi mitatu hadi sita si ugonjwa. Mfumo ukisema mswada uko kwa wapitiaji, huenda mhariri bado anawatafuta; kwa data ya Kilugbara au Kinubi hawajai mkononi, na ndiyo maana ukiruhusiwa kupendekeza wapitiaji, pendekeza. Ikipita miezi sita, andika sentensi tatu: namba ya mswada, tarehe uliyowasilisha, swali. Kabla ya hapo tazama folda ya taka ya barua pepe. Usitumie anwani ya chuo itakayofungwa mkataba wako ukiisha. Na usipeleke mswada huo huo jarida la pili wakati la kwanza halijajibu. Wapitiaji wa fani hii ni wachache, na si ajabu mtu mmoja akaupokea mara mbili.

Dalili: "rekebisha na uwasilishe upya"

Hii ni habari njema inayovaa nguo za msiba. Nakili kila hoja ya kila mpitiaji kwenye jedwali la safu tatu: alichosema, ulichofanya, ukurasa na mstari. Usiandike "nimerekebisha". Andika kilichobadilika. Wapitiaji wawili wakipingana, mmoja akitaka glosi kila mahali na mwingine akitaka ziondolewe, usijaribu kuwaridhisha wote. Chagua, toa sababu, na umwombe mhariri aamue. Mpitiaji aliyekosea kuhusu lugha yako asahihishwe kwa mfano mwingine kutoka kwenye rekodi, si kwa kusema wewe ni msemaji mzawa. Hilo kwa watu wa fani hii ni data nyingine tu ya kuchambuliwa.

Dalili: bili imekuja

Jarida linalolipiwa na wasomaji kwa kawaida halidai chochote kwa kuchapisha. Bili huja pale ulipochagua ufikiaji huria, yaani makala kusomwa bure na yeyote, kwenye fomu ya leseni baada ya kukubaliwa, wengi wakidhani ni lazima. Mwandikie mchapishaji upesi kabla makala haijatoka, uombe kurudishwa kwenye njia ya usajili, kisha ujaze fomu upya. Kwa majarida ambayo yote ni ya ufikiaji huria, Uganda imo kwenye kundi A la Research4Life, mpango wa kuzisaidia nchi zenye kipato kidogo kupata machapisho, na wachapishaji wakubwa huwasamehe waandishi wa kundi hilo ada nzima, mradi msamaha uombwe wakati wa kuwasilisha na anwani ya mwandishi wa mawasiliano iwe ya taasisi ya Uganda. Anayekuahidi kuchapisha ndani ya siku saba ukimtumia dola kwa simu hana jarida. Tafuta ISSN yake, yaani namba ya utambulisho wa jarida, kwenye tovuti ya ISSN yenyewe, uone kama inarudisha jina lile lile.